Nusu ya Wimbo Iliyobaki Darajani

Hana cheti cha ufundi. Hana bango mlangoni. Hana kiyoyozi, na hii ni Fresno mwezi wa Agosti. Hana vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha pete na cha mwisho, ambavyo vilibaki katika mashine ya kuchambulia zabibu kavu alipokuwa na miaka kumi na sita. Hana subira na wateja wanaopiga simu kuuliza kazi imefika wapi. Kaka anaye, lakini salamu yake hajaipata kwa miaka arobaini na mitano.

Saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijaanza ukatili wake, Nishan Kalfayan amekwisha kuwasha taa ya banda lililo nyuma ya nyumba yake. Zamani banda hili lilihifadhi trei za kuanikia zabibu, na harufu yake tamu haijatoka kwenye mbao. Mezani mbele yake pana kisanduku cha bati, kirefu kama mkono wa mtu mzima. Ndani zimetandazwa springi tatu nyembamba.

Anaigusa moja kwa ukucha. Kikuza sauti kilicho sakafuni kinanguruma, kama radi imeangukia kisimani.

"Hii bado hai," anasema. "Hizi mbili zimekufa kwa chumvi."

Kisanduku hiki ndicho roho ya muziki wa gitaa wa vijana wa pwani, wale wanaoteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Sauti ya gitaa huingia upande mmoja, ikazitetemesha springi, ikatokea upande wa pili imelowa mwangwi. Pasipo hizo, gitaa ni kavu kama mkate wa jana.

Nishan amezitengeneza kwa miaka hamsini. Alijifunza kwa kufungua na kuharibu. Leo ana umri wa miaka sabini na mitano, na bendi za kutoka Pismo, mji wa pwani, hadi mpakani mwa Mexico humtumia mizigo yao. Kwa kila kisanduku hutoza dola themanini. Mwezi mzuri humpa dola elfu moja na mia mbili. Mwezi mbaya humpa nafasi ya kupalilia nyanya zake.

Mwenye kisanduku cha leo ni Colleen, mwanamke wa miaka sitini, fundi bomba siku za kazi na mpiga gitaa Jumamosi. Ameendesha gari usiku kwa muda wa saa tatu kutoka Pismo, na sasa anamwangalia fundi akilehemu.

"Fundi, utanimalizia lini?"

"Ukiacha kuuliza."

"Mwaka jana uliniambia hivyohivyo."

"Na mwaka jana uliuliza hivyohivyo."

Colleen anacheka, anachukua gitaa lake na kujaribu wimbo ambao bendi zote za pwani huupiga. Mkono wake wa kulia unakwenda juu na chini bila kupumzika, juu ya uzi mmoja, hadi noti zinaungana na kuwa mtetemo mmoja.

"Sisi Pismo tunasema mtetemo huu tuliupata baharini," anasema.

"Ulitoka harusini," Nishan anajibu bila kuinua kichwa. "Ni mkono wa baba yangu huo."

Baba yake, marehemu Sahag Kalfayan, alikuwa mpiga udi. Aliletwa Fresno akiwa yatima kutoka Tsorag, kijiji cha Waarmenia katika nchi ya Kharpert. Alikuwa mchuma zabibu, akitumia kipande cha pembe ya ng'ombe kupigia udi wake jioni. Pembe hiyo ilikwenda juu na chini juu ya uzi hadi mtu asiweze kuhesabu mapigo. Mkono huo alimfundisha Vahram, mwanawe wa kwanza. Nishan, mdogo kwa miaka sita, alikaa chini ya meza akisikiliza.

Upo wimbo mmoja ambao Sahag aliupiga polepole, macho yamefumbwa. Ni wimbo wa kumtoa bibi harusi nyumbani kwa mama yake. Aliusikia mara moja tu, siku dada yake alipoolewa. Mwaka mmoja baadaye watu walikuwa wameuawa au kufukuzwa, na Tsorag haikuwa na mtu.

Mwaka 1962 Vahram alikuwa na miaka kumi na tisa, gitaa la umeme na marafiki wenye gari. Kila Jumamosi walikwenda Pismo kupiga katika ukumbi wa dansi ambao sakafu yake haikukosa mchanga. Usiku mmoja akaupiga wimbo wa baba yake kwa kasi, mwangwi umefunguliwa hadi mwisho. Vijana waliruka hadi taa zikayumba. Mwezi uliofuata wakautoa kwenye santuri ndogo.

Nishan alikuwa na miaka kumi na mitatu. Aliomba apelekwe Pismo, akakataliwa.

"Aliniambia, 'Wewe baki uwasaidie akina mama kukunja wali katika majani ya mzabibu,'" anakumbuka. "Mbele ya marafiki zake. Wote wakacheka."

Jumapili, baada ya ibada, wageni wakiwa mezani na pilau ya bulguri, ngano iliyovunjwa, inafuka moshi, santuri ile ikaanza kulia sebuleni.

Sahag aliinuka, akaiondoa sindano kwa vidole viwili. Kisha akamgeukia Vahram.

"Huo ni wimbo wa dada yangu akitoka nyumbani," alisema. "Umemvua shela, ukamchezesha ufukweni mbele ya watu walio uchi."

Vahram aliondoka wiki ile ile. Alifanya kazi katika kiwanda cha mbao huko Eureka, kaskazini kabisa. Miaka kumi na saba iliyofuata hakuonekana. Mwaka 1979 alikuja kumzika baba, akasimama nje ya kanisa, kofia mkononi. Nishan alimpita mlangoni na kumwuliza, "Na leo utatupigia wimbo wa kuchezea?"

Hilo ndilo neno la mwisho kati yao.

"Majuto ni mjukuu," anasema Nishan, akizima pasi ya kulehemu. "Wangu amekwisha kuota mvi."

Hadithi ingeishia hapo, kama si sherehe ya kubariki zabibu mapema mwezi huu. Nishan ndiye hutengeneza vipaza sauti vya ukumbi wa kanisa, bila malipo. Siku moja kabla ya sherehe, akina mama wakiwa wanakunja majani ya mzabibu kwenye meza ndefu, yeye alikuwa akijaribu mitambo kwa gitaa. Kwa vidole vyake viwili na gumba, alipiga wimbo wa baba yake, polepole, kama anavyoupiga siku zote.

Bi Zaruhi, mwenye miaka tisini na mitatu, aliinua kichwa.

"We Nishan! Kafa nani?"

"Hajafa mtu, Bi Zaruhi. Ni wimbo wa bibi harusi, wa Tsorag."

"Tsorag nakujua mimi, mama yangu alizaliwa huko. Umepiga nusu. Nusu nyingine umemwachia nani?"

"Hauna nusu nyingine. Baba yangu aliupiga hivi."

"Basi baba yako, Mungu amrehemu, aliupiga kama mtu aliyekula akasahau kushiba." Wanawake waliguna. Bi Zaruhi hakujali. "Sikiliza, mwanangu. Bibi harusi alisindikizwa hadi darajani, polepole, watu wanalia. Akishavuka, wapiga udi na ngoma waligeuka pamoja na mama yake. Mama haachwi arudi nyumba tupu analia, ni mkosi. Wimbo ni uleule, noti ni zilezile, ila sasa unakimbia. Walimrudisha anacheza, viatu mkononi, hadi mlangoni kwake!"

Akachukua kijiko na kupiga pembe ya meza. Akina mama wawili wakaanza kutikisa mabega bila kujijua.

Nishan aliujua mwendo ule. Ulikuwa wa santuri.

"Lakini baba alikuwapo harusini," alisema. "Alisema hakuna nusu ya haraka."

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Mitano."

"Na alikuwa upande gani wa daraja?"

Kisa cha harusi hiyo Nishan alikisikia mara mia utotoni. Siku ile Sahag, kama desturi inavyomtaka ndugu mdogo wa kiume, aliuzuia mlango kwa mwili wake mdogo hadi wakwe wakamhonga kisu kidogo cha mpini wa fedha. Kisha dada yake, kwa kuwa hakutaka kumwachia mkono, akampakata kwenye mkokoteni.

"Alivuka," Nishan alisema. "Alivuka na bibi harusi."

"Basi," alisema Bi Zaruhi, na kurudi kwenye majani yake. "Hakudanganya. Hakusikia tu."

Siku hiyo Nishan alirudi nyumbani akaketi bandani bila kuwasha chochote. Mkewe, Araksi, alimletea kahawa, akaiona imepoa mara mbili.

Jambo lenyewe halingoji. Tarehe kumi na mbili Oktoba binti yao wa pekee, Nazeli, mwalimu mwenye miaka thelathini na sita, anaolewa. Atatokea nyumba hii hii. Nishan anaweza kumpigia nusu ya kwanza, ile ya polepole, hadi kwenye gari. Nusu ya pili haiwezi. Inataka vidole vinne na mkono wa Sahag, na mkono huo umebaki kwa mtu mmoja duniani, aliye Eureka, mwenye miaka themanini na moja. Anwani yake ipo. Kila Krismasi Vahram hulitumia kanisa pesa ya mshumaa wa mama yao.

"Watu wameniambia, tafuta bendi," anasema Nishan. "Colleen amejitolea. Anaweza kuupiga, kweli. Lakini mama Nazeli atarudi mlangoni na nani? Na wageni?"

"Mimi sitalia," Araksi anadakia kutoka mlangoni. "Miaka thelathini na sita nimempikia. Aende."

"Jana ulilia ukikunja shuka zake."

"Ilikuwa sabuni."

Barua kwa Vahram imemchukua siku tisa. Ya kwanza ilikuwa na kurasa nne. Araksi aliisoma akiwa amesimama.

"Baba Nazeli, kurasa nne zote umemweleza springi."

"Ni mtu wa gitaa. Atapenda kujua."

"Mwambie ulichofanya."

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Vahram hakuwahi kujua ni nani aliyeiweka santuri Jumapili ile. Kwa miaka sitini na miwili ameamini kwamba ni mmoja wa wageni. Akiujua ukweli huenda akaichana barua, na Nazeli akatoka kwa nusu ya wimbo, mama yake asiwe na wa kumrudisha.

Barua ya mwisho ni ukurasa mmoja, na Nishan ameridhia isomwe hapa kwa sehemu. "Kaka, santuri niliiweka mimi, kwa wivu. La kanisani nalo nililisema mimi, na nilikuwa mtu mzima. Baba hakukosea, alivuka daraja. Wewe nawe hukukosea. Uliipiga nusu ambayo yeye hakuwahi kuisikia. Binti yangu anaolewa. Mimi nitamtoa. Njoo umrudishe mama yake nyumbani."

Ndani ya bahasha amekitia kipande cha pembe ya ng'ombe, chembamba, kilicholika upande mmoja kwa miaka mingi ya kugonga nyuzi.

Saa tatu asubuhi wako posta, yeye na Araksi. Karani anaipapasa bahasha.

"Kuna kitu kigumu ndani, mzee. Ni nini?"

"Pembe."

"Ya thamani gani?"

Nishan anafikiri. "Andika ni pembe tu."

Anaomba arudishiwe kidogo, maana hajaifunga. Anautazama ukurasa mara moja zaidi, bila kuusoma. Araksi yuko kando yake, mkoba mkononi, anaangalia ukutani kana kwamba kalenda ya posta ina habari mpya.

"Oktoba," anasema, "nitavaa viatu vinavyovulika upesi."

Nishan analamba gundi ya bahasha, anaibana juu ya kaunta kwa vidole vyake vitatu hadi ishike, kisha anaisukuma mbele ya karani.