Kamba Chumbani kwa Babu

Harufu ya saruji mbichi hunirudisha Kariakoo, kwenye chumba cha babu. Alikuwa hajainuka kitandani tangu mwezi wa mfungo, na sakafu ya udongo ilikuwa inatoa unyevu. Mama alitaka kuiwekea vigae, lakini fundi alimwambia apime kwanza ndipo anunue. Tukaingia kimyakimya babu akiwa amelala. Mama alishika kamba mlangoni, nami nikaivuta hadi dirishani, sambamba na kitanda.

Babu akafumbua macho. Akaitazama kamba, kisha akanitazama mimi.

"Mnanipima?"

Hakutaja kaburi, lakini nilijua analifikiria.

"Tunapima sakafu, baba," mama alimjibu mkwewe. "Tujue vigae vya kununua."

Babu akaifuata kamba kwa macho toka mlangoni hadi dirishani, huku vikombe vya muuza kahawa vikigongana barabarani.

"Na chini ya kitanda mmehesabu?"

"Hapana, baba. Pale tumepaacha."

"Pahesabuni," alisema, akijiinua kwa kiwiko. "Nitatoka humu kwa miguu yangu, na sitaki kukanyaga tope."

Mama akajifunika uso kwa kanga. Kisha tukasukuma kitanda, naye yuko juu yake, akituelekeza.