Mchuma Iva Asiyesikia Harufu

Jua bado halijafika upande huu wa bonde, na Nesa Vonzun keshapiga magoti kwenye changarawe. Anachuma kikonyo kimoja, anakifikicha, anakipeleka puani, anaitikia kwa kichwa, anakitia kikapuni. Halafu kingine.

Ana miaka sitini na tisa na amechoka, wala hafichi. "Magoti haya nimeazimwa tu," anasema. "Mwenyewe anayadai."

Huku Engadin ya Chini, milimani Uswisi, hakuna asiyeijua iva. Ni kimea kifupi, hakizidi shubiri moja, chenye maua meupe madogo yaliyokusanyika juu ya bua na majani yaliyochanwa kama kitana. Udongo mzuri hakiutaki. Kinakaa kwenye changarawe na nyufa za miamba, kule juu ambako hata ng'ombe hawaoni sababu ya kufika. Tena kinachagua jiwe: lazima liwe jiwe gumu lisilo na chokaa. Penye chokaa anakaa ndugu yake, anayefanana naye mno, ila majani ya huyo yamechanwa mara mbili tatu, na vikombe vya maua vina kingo nyeusi. Harufu hana. Iva ukiifikicha, chumba kizima kinajua.

Harufu hiyo ndiyo inayotafutwa na Duri, kaka yake Nesa. Anailoweka iva katika pombe kali, na ndiyo pombe ambayo ukoo wao hunywa kila wanapotoka kuzika. Nesa amemchumia kwa zaidi ya miaka arobaini. Malipo yake ni chupa chache na nauli ya basi.

Leo nimefuatana naye, na nyuma yetu anapanda Barbla, mke wa Duri, mwanamke mnene mwenye maneno, ambaye kwa kawaida haendi mahali pasipofika gari.

"Wifi! Umehamia mbinguni bila kuaga?" anapiga kelele kutoka chini, anahema.

"Punguza keki za njugu, mlima utashuka wenyewe," Nesa anamjibu bila kugeuka.

Barbla anafika, anajitupa chini, anavuta kikapu. Ananusa kikonyo. Ananusa kingine. Utani unamwisha usoni. Anaanza kuvipanga juu ya jiwe, kimoja kimoja.

"Hii nyasi. Hii nyasi. Hii iva. Hii nyasi tena."

"Acha kikapu changu!"

"Nusa basi, wifi."

"Nimeshanusa."

"Hujanusa kitu. Tangu lini husikii harufu?"

Nesa anavuta kikapu chake. Mimi nimetazama juu, na hapo ndipo nimeelewa. Ukuta wa mwamba mweupe huko juu ulibomoka mwaka juzi, ukamwaga chokaa mpaka hapa, na yule ndugu wa iva akashuka nayo. Nesa anapajua mahali hapa kwa miguu, na miguu imemleta palepale pa siku zote. Mwenye pua angeshtuka mapema. Nesa anapeleka kikonyo puani kwa mazoea tu.

"Ile homa ya mwaka juzi," anasema hatimaye. "Ilipoondoka, iliondoka na pua yangu. Daktari anasema huenda itarudi, huenda isirudi. Ningemwambia Duri, angesema basi, kaa nyumbani. Nikae nyumbani nifanye nini, Barbla? Nihesabu kuta?"

"Na pombe ya mwaka jana?" nauliza.

"Ilikuwa nzuri! Watu waliisifu," Nesa anasema haraka.

"Ilikuwa nzuri kwa sababu niliichambua," Barbla anasema. "Gunia zima, juu ya meza ya jikoni, Duri akiwa zizini. Nilidhani ni macho yako tu yameanza kuzeeka."

"Ukanyamaza mwaka mzima?"

"Na wewe je, kichwa kigumu?"

Nesa anajifuta machozi kwa mkono wenye vumbi na kuzidi kuuchafua uso. Kisha wanachambua pamoja. Nusu ya kikapu inabaki juu ya jiwe. Asubuhi nzima ya magoti yale, jamani! Hata mimi niliyekaa tu inaniuma.

Wamekubaliana hivi: Duri ataambiwa leo, kabla hajaketi kula, na atakayemwambia ni Nesa mwenyewe. Mwakani atapanda na miwani, aangalie majani na zile kingo nyeusi, na Barbla atamsubiri gari linapoishia, anuse kila kitu. "Mimi huku juu sirudi," Barbla anaapa. "Mkinizika, mnywe maji."

Ninamuuliza Nesa anatumaini nini.

"Pua irudi. Si kwa ajili ya pombe. Koti la marehemu mume wangu bado liko nyuma ya mlango. Jachen alilivaa huku juu kila Agosti, tukichuma wote, likashika iva hata kufua hakuitoi. Zamani nikiingia ndani, ni kama yupo. Sasa naingia, naona koti." Anakung'uta magoti. "Nami siwezi kujua kama harufu imekwisha au nimekwisha mimi."

Barbla hatanii. Anajifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Bado linanuka, wifi," anasema. "Jumapili nililipita pale mlangoni. Linanuka mpaka kero."

"Kweli?"

"Nikudanganye ili iweje?"