Theluthi ya Pumzi

Hili nalisema mwenyewe kabla hamjalisikia sokoni.

Mimi ndiye imamu wa msikiti wetu mdogo hapa Diani, na nasifika kwa kula kidogo. Mwaka mzima mhogo, mchicha na kipande cha samaki vyanitosha. Hata hotuba yangu ya Ijumaa iliyopita ilikuwa ya tumbo: theluthi chakula, theluthi maji, theluthi iachiwe pumzi.

Juzi mpwa wangu akaoa. Mbuzi waliletwa kwa lori kutoka Mackinnon Road, gramafoni ikaimba, pilau ikanukia mpaka barabarani. Sinia letu tulilizunguka wanne. Wenzangu watatu wakashiba, wakanawa. Mimi nikabaki na sinia, tukamalizana.

Alasiri nikaswalisha. Kusujudu nilisujudu, kuinuka ndiko kulikonishinda. Tumbo limenibana, pumzi haipandi, nami naguna tu, "Yaa Rabbi! Yaa Rabbi!" Nyuma yangu watu wananingoja, nyuso mkekani. Mmoja akadhani nalia kwa kumcha Mungu, naye akaangua kilio. Mara msikiti mzima ni kwikwi.

Baada ya swala wakaja kunipa mkono. "Maalim, leo umetuliza!" Nami, Mungu anisamehe, nikapangusa macho makavu na kuinamisha kichwa.

Wa mwisho alikuwa shemeji yangu Bakari, tuliyekula naye sinia moja. Akalitazama tumbo langu, kisha akauliza kwa sauti ya muadhini:

"Shemeji, ile theluthi ya pumzi leo umempangisha nani?"