Kokwa Mia za Kumleta Bibi

Niliamini kabisa kwamba mtoto akikusanya kokwa mia za pichi, serikali ya Marekani humletea bibi yake kwa ndege. Eliya, jirani yetu pale mji wa Greenbelt, ndiye aliyeniambia. Sikushangaa, maana kule kambi ya wakimbizi, tulikomwacha bibi, tulikusanya vizibo vya soda ili tushinde baiskeli. Leo najua hakuna aliyeshinda hata kengele yake.

Juzi nilipita mtaa wa Shaw, harufu ya pichi zilizoiva ikanirudisha alasiri moja ya utotoni. Mama alikuwa ameleta kreti ya mwisho ya msimu, zawadi ya mzee ambaye yeye alikuwa akimtunza kazini, mji wa Bowie. Nilikula nimeinamia sinki, maji matamu yakinichuruzika hadi viwikoni, nikala mpaka nikakaribia kuota majani. Utamu ule sijauonja tena.

Mama akanikuta nasugua kokwa kwa mswaki.

"Za nini hizo, baba?"

"Za kumleta bibi. Eliya anasema zikifika mia anapanda ndege. Zimebaki tisa tu."

Akaketi sakafuni na sare yake ya kazi, akauchukua ule mswaki mkononi mwangu.

"Eliya amekudanganya, mwanangu. Bibi alizikwa kulekule kambini, wiki mbili zilizopita. Nilishindwa kukuambia."