Mkono Uliokomea Kwenye Nywele

Mimi na binti wa jirani yetu tulizaliwa juma moja pale Dutwa, yeye akinitangulia kwa siku nne. Mama zetu walilazwa chumba kimoja zahanati, urafiki wao ukaanzia hapo.

Tofauti ililetwa na kazi za baba zetu. Ununuzi wa pamba ulipofunguliwa kwa watu binafsi, baba yangu aliweka jembe chini akawa wakala wa mnunuzi mmoja, kisha akafungua duka. Nilikua nikinywa chai ya maziwa kila asubuhi, na Kiswahili nilikiokota kwa wateja. Baba wa mwenzangu alilima pamba karibu shamba zima, mahindi yakabaki kipande cha nyuma ya nyumba. Mvua ikikatika, kwao walikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, asubuhi na jioni. Mama yake alishika mimba nyingine mapema, akamwachisha ziwa. Alipofika miaka minne alikuwa akimbeba mdogo wake mgongoni. Hakuwa mtu wa kukimbiakimbia. Nilidhani ndivyo alivyoumbwa.

Tulipotimiza miaka saba tulipelekwa pamoja kuandikishwa shule. Kila mtoto aliambiwa apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa, ashike sikio la kushoto. Mimi nilishika mpaka ndewe. Vidole vyake vilikomea kwenye nywele.

"Huyu bado," mwalimu akasema. "Mlete mwakani."

"Lakini mwalimu, huyu ndiye mkubwa," mama yake akajibu.

"Ni kweli," mama yangu akadakia. "Mimi nilikuwepo."

Mwalimu akamwinamia mwenzangu. "Haya, mtoto, kwenu mko wangapi?"

Akamtazama mama yake. Nyumbani kwao walisema Kisukuma tu.

"Wako wanne, mwalimu!" nikajibu mimi.

Mwalimu akacheka, akaandika jina langu. Nilifurahi sana. Siwezi kudai leo kwamba nilimhurumia mwenzangu.

Tukarudi nyumbani pamoja. Njiani mama yake aliushika ule mkono wa binti yake, akauvuta taratibu, kama anaupima, kisha akauachia.

Mwaka uliofuata mkono ulifika. Akaketi na watoto aliowazidi umri, wala hakuna aliyejua. Siku moja, kwenye foleni ya kisimani, akaniita dada. Nikaitika.

Mama alinisikia. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Usimwitikie hivyo. Yule ni mkubwa wako."

Nilijaribu kumrekebisha. Kesho yake akaniita dada tena.

Mimi nilichaguliwa kwenda sekondari. Yeye aliishia darasa la sita, mama yake alipougua na wadogo wakakosa wa kuwapikia. Baadaye aliolewa Zagayu. Tukikutana mnadani siku ya soko tunaulizana habari za watoto na mvua, kisha kila mmoja anaendelea na shughuli zake.