Aliyenikaribisha Kwangu

Najua mtasema nimetunga. Semeni. Haya yalinipata mimi mwenyewe, kule Jangwani, na akili zangu timamu.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa nakaanga mihogo Kariakoo. Mume alikuwa amenifukuza, chumba cha kupanga sikiwezi, na kurudi kwetu Lindi nilikataa katakata. Nikajijengea banda bondeni: fito, magunia ya katani niliyoyashona mwenyewe, juu turubai kuukuu la lori. Chekeni tu, lakini lilikuwa langu.

Jioni moja, adhana ya magharibi inalia, nikafika mlangoni na karai langu kichwani. Kwa mazoea tu nikasema, "Hodi!" Ni wangapi hapa hampigi hodi nyumba tupu?

"Karibu, mgeni," sauti ikajibu ndani.

Nikafunua gunia. Bibi mmoja, sijapata kumwona, amekaa kwenye mkeka wangu anachambua mchele wangu nilioupangia foleni, ametulia kama kazaliwa humo.

"Vua viatu, mgeni. Umetoka mbali?"

Haki ya Mungu, mkono ulikwishashika kandambili. Nikatazama kitanda changu nikajiuliza ni cha nani.

"Unampigia nani hodi?" Mama Zuhura, jirani yangu, akaniita kutoka barazani kwake. "Humo hamna mtu, shoga. Mie nipo hapa tangu mchana!"

Nikimbie? Nikimbilie wapi? Nikiliacha banda lile sina pengine. Hasira ikashinda woga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mgeni."

"Mgeni ni wewe. Magunia haya nimeyashona mimi mpaka vidole vikatoka damu. Toka nje, upige hodi, ndipo nikukaribishe."

Akanitazama sana. Akaweka ungo chini, akainuka, akanipita ubavuni, baridi kama nguo mbichi. Nikaingia haraka, nikashusha gunia.

"Hodi," akasema kule nje, kwa adabu kabisa.

Sikufungua kinywa mpaka asubuhi.

Sasa nina nyumba ya matofali na wajukuu, na hodi ile bado inakuja magharibi. Wanangu wanajua: kwangu jioni hupigi hodi, unataja jina. Nanyi nawaonya, mkirudi kwenu na hamna mtu, ingieni kimya. Mimi nilimwambia nitamkaribisha, na bado anangoja. Atangoja sana.