Upepo Uliopimwa Upande Mmoja

Mguu wangu wa kulia niliuacha korongoni, upande wa Ihumwa, inapoishia barabara mpya ambayo ilikuwa bado haijafunguliwa. Watu wanasema ajali. Mimi nasema mwalimu, ofisa wa itifaki, na mdomo wangu.

Mwalimu huyo wa chuo na wanafunzi wake walikuwa wanaunda gari la umeme la mtu mmoja, jembamba kama muhogo, livunje rekodi ya kasi. Fremu nilichomelea mimi. Kwa kuwa sina kilo nyingi, nikawa dereva pia. Breki waliweka ndogo, kupunguza uzito. Hewa yenyewe, alisema mwalimu, italisimamisha.

Kutabiri kwao kulikuwa hivi: napandisha kasi, nazima mota, naliacha gari liserereke lenyewe, na wanafunzi kando ya barabara wanaandika linapita kila kijiti kilichochomekwa sekunde ya ngapi. Namba zinaingia kwenye kompyuta, nayo inasema gari litafika kasi gani na mota izimwe wapi. Tulipima tukielekea mashariki tu. Kurudi tulilivuta kwa kamba, kutunza betri.

"Mwalimu, tupime na kurudi," nikasema. "Nimebeba zabibu kwa baiskeli kutoka Hombolo, huko mashariki, miaka mingi. Kuja mjini unapaa. Kurudi unasukuma, hata kama huna mzigo."

"Fundi, unanifundisha fizikia kwa baiskeli?"

Wanafunzi wakacheka. Na mimi nikacheka.

Siku yenyewe ya rekodi tukakuta ofisa wa itifaki amehamishia hema la mgeni rasmi magharibi, karibu na korongo, kukwepa vumbi.

"Gari litaanzia kule lije huku," akasema. "Haliwezi kumpa mgeni mgongo."

Nikamtazama mwalimu.

"Barabara ni ileile," akasema. "Hesabu ni ileile."

Shati lilikuwa limenigandia mgongoni kwa upepo. Sikusema kitu. Mgeni alikwishaketi.

Nilizima mota kwenye mstari wa chokaa, palepale kompyuta iliposema. Gari halikupungua. Nikakanyaga breki, nikasikia harufu ya kuungua. Nilipolipita hema watu walikuwa wamesimama, wanapiga makofi. Kisha lami ikaisha.

Rekodi tuliipata, nasikia.

Mwalimu alikuja hospitali na kompyuta yake.

"Pole, fundi."

"Nimeshapoa."

"Hivi, siku ile upepo ulikuwa unatoka wapi?"

"Mashariki. Kama siku tuliyopima. Kama leo."

Akaiweka kompyuta kitandani, pale ambapo mguu ungekuwepo, akabofyabofya. Halafu akanigeuzia kioo nione. Safari hii hesabu ilikuwa sahihi kabisa: ilinipitisha hemani, ikanifikisha korongoni.